Barua ya wazi kwa wakubwa wa NCAA: uwajibikaji mnaowahubiria watoto uanzie kwenu

Lexington, Kentucky

Kwa Mheshimiwa Charlie Baker, Rais wa NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani), Indianapolis, pamoja na waheshimiwa marais wa vyuo vikuu vya Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo hiyo)

YAH: HELA ZA KIKAPU CHA VYUO NA NANI ANAYETAKIWA KUWAJIBIKA

Waheshimiwa, salaam.

Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea. Mimi ni Mtanzania naishi hapa Lexington, mji ambao ukikosa kanisani Jumapili watu wanakusamehe ila usipojua Wildcats, timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, wametoka ngapi jana usiku wanakuangalia mara mbili. Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi kabisa. Kwa Kiingereza nilishaandika, barua ya kistaarabu, kwenda ofisi ya michezo ya chuo kimoja ambacho sitakitaja, kuhusu mpwa wangu anayecheza kikapu, na jibu likawa ile "asante kwa kuwasiliana nasi" ambayo kompyuta inajituma yenyewe. Nikasema basi, acha niiweke hadharani, na kwa lugha ambayo jamaa zangu wa hapa, wengi wao Wakongo wenye watoto warefu ambao makocha wameshaanza kuwapigia jicho, wataisoma bila kuomba mtu awatafsirie. Nyie wakalimani mnao na hela za kuwalipa mnazo. Na Kiswahili chenyewe si kigeni sana kwenye vyuo vyenu, hilo nitalifikia huko chini.

Kabla sijaenda mbali niseme msimamo wangu ili msije mkanichanganya na watu wengine. Mimi ni muumini wa soko na naamini mtu abebe mzigo wake. Ukisaini, timiza. Ukilipwa, lipa kodi. Ukipewa nafasi ya kusoma bure, soma. Hapo niko pamoja na makocha wote wanaolalamika kwenye TV. Ninachokataa ni hiki, kwamba kwenye biashara hii yote mtu wa miaka 18 ndiye anayehubiriwa uwajibikaji, na watu wazima wenye mawakili wao wanahubiriwa soko. Haya, twende moja moja.

1. Soko mlikuwa nalo siku zote

Mwaka 2010 mlisaini na makampuni ya televisheni ya CBS na Turner mkataba wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, mwaka 2016 mkaongeza bilioni 8.8 nyingine za kuufikisha 2032, na hayo yote ni kwa mashindano ya kama wiki tatu tu, timu 68, anayefungwa anarudi nyumbani. Sasa niambieni hapo nani alikuwa haamini soko. Televisheni inalipwa na matangazo, nyie mnalipwa na televisheni, vyuo vinapata mgao kupitia konferensi zao (yaani ligi za vyuo), kocha analipwa na chuo na kampuni ya viatu nayo inamwongezea, na yule anayeruka kudanki hapo katikati alikuwa anapewa ada, chumba na chakula chenye masharti. Nikisema masharti sitanii, kuna kipindi kanuni zenu zilikuwa zinaruhusu chuo kumpa mchezaji mkate wa bagel kama kitafunio lakini ukipakwa jibini juu yake tayari ni kosa! Watu wazima walikaa kikao, wakaandika hilo, wakapitisha. Mwaka 2014 Shabazz Napier wa UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu uleule aliobeba ubingwa, akawaambia waandishi kwamba kuna usiku analala na njaa, dunia ikapiga kelele, na mwezi huohuo wa Aprili mkapitisha kwamba vyuo viwalishe wachezaji bila kikomo. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana siku zote, ilikuwa inakosekana aibu tu.

Na sisi Watanzania tunamo kwenye hesabu hizi. Hasheem Thabeet alitoka Dar akacheza UConn misimu mitatu, 2006 hadi 2009, akawa mlinzi bora wa konferensi ya Big East mara mbili, akaifikisha timu Final Four, yaani nusu fainali ya mashindano, viwanja vikajaa, TV zikauza matangazo, na senti ya kwanza halali ya kipaji chake ikabidi isubiri NBA wamchukue namba 2 Juni 2009. Kama huyo hakuwa anazalisha basi sijui nani anazalisha.

Mtasema vyuo vingi vinakula hasara kwenye michezo. Huu utetezi nimeshausikia mpaka nimeukariri. Waheshimiwa, taasisi isiyo na wanahisa haina mtu wa kumgawia faida, kwa hiyo hela ikiingia lazima itafutiwe pa kwenda kabla mwaka haujaisha, na kanuni zikikataza isiende kwa mchezaji basi itaenda kwa kocha, kwa msaidizi wa kocha, kwa msaidizi wa msaidizi, na kwenye majengo. Hapa kwetu kuna bweni la wachezaji wa kikapu linaitwa Wildcat Coal Lodge, limejengwa kwa michango ya matajiri wa makaa ya mawe, lilifunguliwa 2012, zuri kweli. Ni mshahara uliogeuzwa matofali. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Indiana walimfukuza kocha wao wa kikapu Archie Miller na kumwondoa tu kukagharimu zaidi ya dola milioni 10, zikatoka kwa wafadhili, yaani milioni 10 za kumlipa mtu asije kazini, halafu kesho yake mtu anashika maiki analalamika eti watoto wa siku hizi wanapenda hela.

Haya, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapiga 9 kwa 0 Juni 2021 kwenye kesi ya Alston, ya wachezaji kupinga mipaka mliyowawekea, na siku chache baadaye mkafungua mlango wachezaji walipwe na wanaotumia jina na sura zao kwenye matangazo. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi nyingine ya wachezaji, ile ya House, dola bilioni 2.8 za kufidia waliopita, na kuanzia Julai chuo kinaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja mpaka kama milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ni hatua, nawapongeza, japo mlifika hapo mkiburutwa. Lakini hicho kikomo cha 20.5 nani alikaa mezani kwa niaba ya wachezaji wanaocheza leo? NBA nao wana kikomo cha mishahara, ila pale kuna chama cha wachezaji kimekaa upande wa pili kikabishana mpaka usiku wa manane. Wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 Machi 2024 waunde chama, chuo kikagoma kujadiliana nao, mwisho wa mwaka wakaiondoa kesi wenyewe. Mkitaka bei ipangwe, kubalini kuna muuzaji.

Na wadada msiwasahau. Fainali yao ya 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, iliangaliwa na watu kama milioni 18.9, ya wanaume ile siku iliyofuata ikapata kama 14.8, na bado timu zao zilianza kulipwa mgao wa kushinda mechi za mashindano mwaka 2025. Sina la kuongeza hapo.

2. Uaminifu wa upande mmoja

Makocha wanalia na huu uhamisho huria, yaani mchezaji kuhama chuo atakavyo, na nusu ya kilio chao nakikubali. Kijana anayepita vyuo vinne kwa miaka minne anapoteza masomo aliyokwishafaulu maana kila chuo kina hesabu zake, anawaacha wenzake solemba katikati ya safari, na hela ya msimu mmoja haitamlea akiwa na miaka 40. Hilo namwambia laivu, hata akiwa wa kwangu.

Ila turudi 2022. Saint Peter's, kachuo kadogo ka Jersey City, waliopangwa namba 15 kati ya timu 16 za kundi lao, wakaitoa Kentucky yetu (bado inauma, siku hiyo Oscar Tshiebwe alifunga 30 na kuokota ribaundi 16 na bado tukalala), wakaenda mpaka robo fainali, hakuna namba 15 aliyewahi kufika huko kabla yao. Siku chache baada ya kutolewa kocha Shaheen Holloway akachukua kazi Seton Hall, chuo alichosoma mwenyewe, na mimi simlaumu hata chembe, mtu kapata kazi bora zaidi. Kisha wachezaji nao wakaanza kuondoka mmojammoja. Kuondoka kwa kocha tukaambiwa ni kurudi nyumbani, kuondoka kwa wachezaji tukaambiwa ndiyo ugonjwa wa kizazi hiki. Hivi tofauti iko wapi? Na hapa Lexington kocha wa Kentucky John Calipari alipewa 2019 mkataba walioutangaza kuwa wa maisha, Aprili 2024 akahamia Arkansas, kumbe maisha ni miaka mitano.

Kwetu kulikuwa na sakata la mchezaji wa soka Fei Toto, wengine mnaosoma mnalikumbuka. Desemba 2022 jamaa aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 akasema ndo nimevunja mkataba, TFF ikasema hapana bado ni mchezaji wa Yanga, nchi nzima ikawa mawakili, mpaka Rais Samia akaligusia, na Juni 2023 akaenda Azam. Ilikuwa vurugu lakini kulikuwa na karatasi ya kugombania, yenye miaka na yenye bei ya kuvunja. Nyie mmewapa watoto ruhusa ya kuhama na hela ya kuwavuta wahame, mkakataa kuwaita wafanyakazi ili msije mkadaiwa haki za wafanyakazi, halafu mnashangaa hakuna anayetulia. Wapeni mikataba ya kweli ya miaka miwili mitatu, mchezaji akivunja alipe au anayemchukua alipe, chuo kikivunja kilipe. Mtaona uaminifu unavyorudi wenyewe bila mahubiri.

3. Goti

Kuanzia 1973 mpaka 2012 nyie wenyewe mlikataza vyuo kutoa skolashipu ya zaidi ya mwaka mmoja. Yaani karibu miaka 40 kijana wa miaka 18 alikuwa anaahidi miaka minne na mtu mzima anaahidi mmoja mmoja. Siku hizi konferensi tajiri zimeahidi hazitamwondoa mtu kwa sababu ya kiwango au majeraha, na tangu Agosti 2024 kanuni zenu zinadai hivyohivyo kwa vyuo vyote vya Divisheni ya Kwanza, ila vyuo viko mamia, si vyote tajiri, na kanuni haizuii ushauri wa mdomo. Mpwa wangu yuko kwenye kimojawapo cha hivyo visivyo tajiri, au niseme alikuwepo. Goti lilipasuka mazoezini, akapasuliwa, msimu ulipoisha kocha akamwita ofisini akamwambia kwa upole kabisa kwamba kwa faida yake mwenyewe aangalie chuo kingine ambako atapata dakika nyingi. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna karatasi. Ndiyo hiyo barua niliyojibiwa na kompyuta.

Najua tangu Agosti 2024 mna bima ya kumtibu mchezaji kwa miaka 2 baada ya kumaliza kucheza, na ni jambo jema. Lakini goti lililopasuka ukiwa na miaka 19 linaanza kudai deni lake ukiwa na 35, na mtu aliyeanguka kwenye ghala ninalofanyia kazi mimi analindwa na fidia ya wafanyakazi bila kuuliza anapenda kazi yake kiasi gani.

4. Viza, na hapa ndipo hasa kwenye uchungu wangu

Kijana wa Kimarekani akitangaza pizza Jumamosi amelipwa Jumatatu. Kijana mwenye viza ya F-1 akifanya hivyohivyo anahatarisha kurudishwa kwao, kwa sababu F-1 ni viza ya masomo na kazi yake ina mipaka, masaa 20 kwa wiki ndani ya chuo na nje ya hapo lazima ruhusa maalumu. Cha kuchekesha na nyie mna kanuni yenu ya masaa 20 ya mazoezi kwa wiki, ambayo safari za ndege usiku na kukaa hotelini hazihesabiwi humo. Kwa hiyo anatoka jasho sawa na mwenzake, anauza tiketi sawa na mwenzake, na kwenye kulipwa anaambiwa wewe ni mgeni.

Chukueni Tshiebwe huyohuyo, mtoto wa Lubumbashi, Kiswahili kimejaa kwao. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa nchi nzima, ribaundi zaidi ya 15 kila mechi. Alifanyaje kupata chake? Agosti mwaka huo timu ilisafiri Bahamas kucheza mechi za kirafiki, akatumia siku hizo kufanya matangazo na dili zake, kwa sababu akiwa nje ya ardhi ya Marekani sheria ya viza haimbani. Mchezaji bora wa Marekani inabidi avuke bahari ndo auze sura yake! Zach Edey wa Chuo Kikuu cha Purdue, Mkanada, mchezaji bora 2023 na 2024, kamba ileile ya F-1. Adama Sanogo wa Mali, aliyekuwa bora kwenye Final Four ya 2023 na UConn, ileile. Na hata huu mgao mpya wa vyuo, mawakili bado wanakuna vichwa kama mwenye F-1 aupokee au akiupokea amevunja masharti.

Halafu kuna Khaman Maluach. Kazaliwa Sudan Kusini, kakulia Uganda, kaja Chuo Kikuu cha Duke. Aprili 5, 2025, siku ileile Duke inacheza na Houston kwenye Final Four, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani Marco Rubio akatangaza kwamba viza za wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini zinafutwa. Mamilioni wanamwangalia kijana wa miaka 18 anazuia mipira, na hajui kesho ana haki ya kuwa nchini au la. Juni NBA wakamchukua namba 10 na ikawa heri kwake, lakini wangapi hawakuchukuliwa namba 10?

Mtasema viza ni ya serikali, sisi mikono yetu mitupu. Hapana jamani. Nyie ndio mnaoshinda Washington kila mwaka mkiliomba Bunge liwakinge na kesi za ushindani, na Julai 2025 ule muswada wa SCORE mlioushangilia uliingia Bungeni una kinga hiyo ndani yake. Njia ya kwenda Bungeni basi mnaijua. Mwaka 2023 maseneta wawili wa vyama tofauti, Blumenthal na Ricketts, walipeleka muswada mfupi wa kuwaruhusu wanafunzi wa kigeni wapate hela za jina na sura zao. Ungepigiwa debe kwa nusu tu ya nguvu mnayoipigia kinga yenu, leo nisingekuwa naandika hiki kipengele.

5. "Si wanapata elimu ya bure"

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, mabingwa wakubwa wa kikapu, kuanzia 1993 hadi 2011 kilikuwa na madarasa ya karatasi, hakuna mwalimu hakuna kipindi, unaandika insha moja unapewa alama kubwa. Uchunguzi wa wakili Wainstein wa 2014 ulihesabu wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wanamichezo. Na Kiswahili kilikuwemo humo, sharti la kusoma lugha lilikuwa linatimizwa kwa insha ya Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili, bila kujua hata kuagiza chai. Oktoba 2017 NCAA mkaamua hakuna adhabu, eti madarasa yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote siyo wanamichezo tu. Bagel yenye jibini ni kosa, miaka 18 ya elimu hewa siyo kosa. Kwa hiyo mkiniambia malipo yao ni elimu, nauliza kwa adabu, iliyofundishwa na nani, saa ngapi, chumba namba ngapi?

Na kwa kuwa sasa wanalipwa kweli, wafundisheni hela. Malipo mengi ya matangazo yanakuja bila kukatwa kodi, kijana anaona elfu 30 kwenye akaunti anadhani zote zake, Aprili inafika serikali inataka chake na gari lishanunuliwa. Hilo ni jukumu lake, sibishi. Lakini chuo chenye kitivo cha uhasibu mita mia mbili kutoka uwanjani hakina kisingizio.

6. Kubeti

Fupi. Mchezaji mnamwambia kubeti kikapu kutamfungia milango ya maisha, na ni sawa, akikamatwa anauza mechi afungiwe. Ila nyie mwaka 2025 mmeongeza mkataba na Genius Sports, kampuni ya takwimu za michezo, mpaka 2032, takwimu za mashindano yenu ziende kwa makampuni ya kubeti. Huko Dar na Nairobi kuna watu mkeka umewachanikia saa tisa usiku kwa sababu kijana wa miaka 19 kakosa mtupo huru, na matusi yanamfikia yeye kwenye simu yake, hayafiki Indianapolis.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba mambo manne. (a) Mikataba ya maandishi ya zaidi ya mwaka mmoja, yenye gharama ya kuvunja kwa pande zote mbili, na chama cha wachezaji cha kukaa nanyi mezani. (b) Kanuni ya skolashipu kutoguswa kwa sababu ya jeraha isimamiwe kweli, bila kuzungukwa kwa ushauri wa mdomo, kwenye chuo chochote cha Divisheni ya Kwanza, kiwe tajiri au maskini, hadi kijana ahitimu, na matibabu ya jeraha la uwanjani yasiwe na ukomo wa miaka 2. (c) Kila mkienda Bungeni kuomba kinga, ombi la wenye F-1 liwe kwenye bahasha hiyohiyo, na mpaka lipite, mgao wao uwekwe kwenye akaunti ya amana wauchukue siku viza yao ikiruhusu. (d) Kila chuo kiwe na mtu mwenye jina na namba ya simu wa kujibu barua za wazazi na walezi.

Hilo la (d) mnaweza kuanza nalo Jumatatu, halihitaji Bunge wala jaji.

Naomba kuwasilisha.

Wenu,
Mjomba wa mchezaji, na shabiki anayelipia tiketi yake

Nakala:
Makocha wote wenye mikataba ya maisha
Wazazi wa watoto warefu, Lexington na Louisville